Makaburi ya Lingshan: Mlima, Upepo, Maji na Hukumu ya Kuchagua Mahali pa Kuzikwa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Aliyeifanya ardhi kuwa tandiko kwa walio hai na hifadhi kwa waliokufa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, maimamu huulizwa mara kwa mara maswali yanayohusu mahali pa kuzikia. Huyu anataka marehemu wake alazwe penye kilima na kivuli, penye kutuliza macho ya wanaozuru. Yule ameambiwa na mpiga ramli kwamba kaburi la babu yake limekaa vibaya, ndiyo maana biashara imedorora na watoto wanaugua, basi anauliza kama inafaa kulihamisha. Mwingine anakataa kununua nyumba kwa kuwa iko jirani na mava. Maswali haya matatu yana mzizi mmoja: je, mahali pa kaburi pana athari gani kwa maiti, na pana athari gani kwa walio hai?

Wachina wamelijibu swali hili kwa elimu yao ya kale iitwayo feng shui, na Waislamu wamezikana katika ardhi ya China kwa karne nyingi. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kupitia maziara moja mashuhuri ya Waislamu huko, yaliyojengwa katika umbo la makaburi ya Kichina. Humo mtu anaweza kuona ni kitu gani Muislamu anaruhusiwa kukichukua kutoka katika ada za nchi anayoishi, na ni kitu gani anatakiwa akiache mlangoni.

MJI WA ZAYTUN NA MLIMA WA LINGSHAN

Quanzhou ni mji wa bandari katika jimbo la Fujian, kusini mashariki ya China. Waarabu waliuita Zaytun. Ibn Batuta aliyefika huko katika karne ya 14 aliisifu bandari yake kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na akatahadharisha kuwa mji una jina la zaituni lakini hauna zaituni zenyewe. Waislamu walikuwa na mtaa wao na misikiti yao. Msikiti wa Ashab, ambao kuta zake za mawe bado zimesimama, ulijengwa mwaka 400 wa Hijria (1009–1010 Miladia) kwa mujibu wa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe lake.

Nje ya lango la mashariki la mji huo wa kale kuna kilima kiitwacho Lingshan, maana yake Mlima Mtukufu. Katika mteremko wake wa kusini kuna makaburi mawili ya mawe yaliyolazwa bega kwa bega. Nyuma yake kilima kimeinuka. Pande tatu, yaani nyuma, kulia na kushoto, yamezungukwa na baraza ya mawe iliyopinda mfano wa kwato ya farasi, na upande wa mbele uko wazi. Ndani ya baraza yamesimamishwa mawe yenye maandishi, mengine ya Kiarabu na mengine ya Kichina. Kando yake yako makaburi mengi ya Waislamu wa zama mbalimbali, miti, na jabali kubwa mashuhuri ambalo watu husema hutikisika kwa upepo. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliuingiza mji wa Quanzhou katika orodha ya Urithi wa Dunia, na makaburi haya na Msikiti wa Ashab ni miongoni mwa maeneo 22 yaliyotajwa.

Mgeni anayefahamu makaburi ya Wachina wa Fujian hutambua mara moja umbo hili. Makaburi yao mengi ya vilimani hujengwa hivyo hivyo: mgongo juu ya mlima, mikono miwili ya mawe au udongo ikikumbatia kaburi kama kiti chenye mikono, na uso ukitazama bonde. Hili ndilo umbo linalotakiwa na feng shui.

FENG SHUI NI NINI?

Maana ya maneno hayo mawili ni upepo na maji. Kitabu cha asili cha elimu hii upande wa makaburi huitwa Zangshu, yaani Kitabu cha Maziko, na kimenasibishwa kwa Guo Pu, mwanachuoni wa Kichina aliyefariki mwaka 324 Miladia. Msingi wake ni kwamba ndani ya ardhi mna nguvu ya uhai waiitayo qi. Nguvu hiyo, wanavyodai, hutawanyika inapopigwa na upepo, na husimama inapokutana na maji. Kwa hiyo mahali bora pa kuzikia ni pale palipokingwa na upepo na penye maji mbele yake.

Wataalamu wa elimu hiyo huitazama sura ya ardhi kwa pande nne, na kila upande wameupa mnyama: kobe mweusi nyuma, upande wa kaskazini, ambaye ni mlima wa kuegemea, joka la kijani kushoto, upande wa mashariki, chui milia mweupe kulia, upande wa magharibi, na ndege mwekundu mbele, upande wa kusini, mahali panapotakiwa pawe wazi. Baadaye wakatumia dira yenye duara nyingi za alama ili kupima mwelekeo wa kila kaburi na kila nyumba.

Mpaka hapo mtu anaweza kudhani kuwa ni elimu ya kuchagua kiwanja tu. Lakini moyo wa jambo uko mbele zaidi. Wanaamini kuwa mifupa ya wazazi ikilala mahali penye qi njema, nguvu hiyo hupita katika mifupa na kuwafikia watoto na wajukuu, wakapata mali, vyeo na uzazi. Mifupa ikilala pabaya, ukoo hupatwa na mikosi. Ndiyo maana katika sehemu za kusini ya China imekuwepo ada ya kuifukua mifupa baada ya miaka kadhaa, kuisafisha na kuizika tena mahali palipochaguliwa.

Basi ni lazima tuyatenganishe mambo mawili. La kwanza ni tajiriba ya ardhi: kukimbia mafuriko, kukimbia udongo unaoporomoka, kutafuta mahali pakavu penye utulivu. Hili halina ubaya, na mafakihi wetu nao wameutazama udongo. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa uchache wa kaburi ni shimo linalozuia harufu na wanyama wakali, na kwamba mwanandani ni bora kuliko shimo la kupasua katikati ikiwa ardhi ni ngumu. La pili ni itikadi: kwamba mahali pa kaburi pana uwezo wa kugawa riziki na misiba. Hili ndilo lenye hatari.

KIBLA NA MLIMA

Waislamu wa Quanzhou walipoyachukua maumbo ya nchi ile, je, waliikosa kibla? Tazama hali ya ardhi. Kutoka Quanzhou kibla kiko upande wa magharibi, kikiinama kidogo kaskazini. Kaburi la Kichina linaegemea kaskazini na kutazama kusini. Muislamu anayezikwa katika mteremko kama huo akilazwa ubavu wa kulia, kichwa kikiwa upande wa mlima na miguu upande wa bonde, uso wake utaelekea magharibi, nao ndio mwelekeo wa kibla. Jengo la nje linatazama kusini kama yalivyo majengo ya jirani, na maiti aliye ndani anaielekea Al-Kaaba. Umbo la nchi na hukumu ya sheria vimekaa pamoja bila kugongana.

Kwenye misikiti hali haikuwa hivyo. Jumba la heshima la Kichina hutazama kusini, na anayeingia hutembea kuelekea kaskazini. Msikiti ukijengwa hivyo, wenye kusali watakuwa wameipa kibla ubavu. Kwa hiyo Msikiti Mkuu wa Xi'an, ambao una mapaa na nyua za Kichina kabisa, umepangwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kinyume cha mahekalu ya nchi ile. Palipowezekana kuafikiana, Waislamu waliafikiana na ada. Pasipowezekana, ada ndiyo iliyopinda. Huu ndio mfano mzuri wa kauli ya mafakihi kwamba ada huzingatiwa madhali haigongani na nassi.

NI AKINA NANI WALIOZIKWA HAPO?

Simulizi mashuhuri limo katika kitabu cha historia ya Fujian kiitwacho Minshu, kilichotungwa na He Qiaoyuan mwanzoni mwa karne ya 17. Anasimulia kuwa wafuasi wanne wa Mtume (s.a.w.) walikuja China katika miaka ya Wude, yaani kati ya 618 na 626 Miladia. Mmoja alifundisha Guangzhou, mmoja Yangzhou, na wawili Quanzhou. Hawa wawili walipofariki walizikwa kilimani, na usiku ikaonekana nuru kaburini, basi mlima ukaitwa Mtukufu.

Wajibu wa mwanafunzi wa elimu ni kupima. Hijra ilikuwa mwaka 622. Mtume (s.a.w.) aliwatuma wajumbe kwa wafalme wa nje baada ya Sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijria, sawa na 628. Miaka ya Wude ilikuwa imekwisha. Tena simulizi hili limeandikwa karibu miaka elfu moja baada ya tukio linalosimuliwa, wala halina isnadi. Mfano wake ni kaburi la Guangzhou linalonasibishwa kwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.), ilhali vitabu vya wasifu wa Masahaba vinaeleza kuwa alifariki Al-Aqiq karibu na Madina na akazikwa Baqii. Linalothibiti katika kumbukumbu za Wachina wenyewe ni kufika kwa ujumbe wa Waarabu mwaka 651, katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (r.a.).

Jiwe la Kiarabu lililoko Lingshan, la mwaka 722 wa Hijria (1322–1323), ni la zamani kuliko kitabu cha He Qiaoyuan kwa karne tatu. Linawataja waliozikwa kuwa ni watu wema waliokuja katika zama za Faghfur, nalo ni jina ambalo Waajemi na Waarabu walimpa mfalme yeyote wa China, na kwalo sahani nzuri za China zikaitwa faghfuri. Linaeleza pia kuwa kundi la Waislamu liliyatengeneza upya makaburi hayo.

Basi hatuna dalili ya kuwaita waliozikwa hapo Masahaba, na kumnasibishia mtu usuhuba bila dalili si jambo jepesi. Lakini kukosekana kwa dalili hiyo hakuondoi heshima ya makaburi. Hao ni Waislamu waliofia ugenini, na kaburi la Muislamu yeyote lina haki yake: halikaliwi, halikanyagwi wala halivunjiwi heshima. Katika Quanzhou yamepatikana mawe mengi ya makaburi ya Waislamu, na kwenye baadhi yake imechongwa Hadithi isemayo kuwa anayekufa mgeni amekufa shahidi. Wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha isnadi ya Hadithi hiyo. Hata hivyo, anayeisoma juu ya jiwe la mtu aliyekufa miezi ya safari mbali na kwao huelewa faraja waliyoitafuta jamaa zake.

ZHENG HE NA UBANI WA MWAKA 1417

Lingshan kuna jiwe jingine, la Kichina, linalotugusa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Jiwe hilo laeleza kuwa amiri Zheng He, akiwa safarini kwenda Hormuz na nchi nyinginezo, alifika hapo mwezi wa tano wa mwaka wa 15 wa mfalme Yongle, yaani 1417, akafukiza ubani na kutaraji ulinzi wa roho tukufu za mahali hapo. Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika nyumba ya Kiislamu ya Yunnan, na baba yake na babu yake wote walijulikana kwa jina la Haji. Safari hiyo ya 1417 hadi 1419, ambayo ni ya tano, ndiyo iliyofika Mogadishu, Barawa na Malindi. Merikebu zilizotia nanga mbele ya babu zetu zilikuwa zimepita kwanza katika makaburi haya.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kusimama na kutafakari. Katika jiwe la kibla na mwanandani, ada ilikaa chini ya sheria. Katika jiwe la ubani, lugha ya ada imepanda juu. Aliyeandika maneno yale alitumia msamiati ambao Mchina yeyote angeutumia mbele ya kaburi la mzee wake, na sisi hatuwezi kuihukumu nia ya mtu aliyekufa karne sita zilizopita. Lakini twaweza kuonyana kwamba mlango ndio huu. Mtu huanza kwa kuchukua umbo, halafu huchukua maneno, na mwisho huchukua itikadi bila kujijua.

HUKUMU ZA KISHERIA

Sasa tuziweke hukumu mahali pake, mas'ala baada ya mas'ala.

Kwanza, kuchagua mahali pa kuzikwa. Inajuzu, na ina asili. Katika Sahihi mbili imepokewa kuwa Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola wake amkurubishe na Ardhi Takatifu umbali wa kutupa jiwe. Sayyidna Umar (r.a.) aliomba idhini kwa Bibi Aisha (r.a.) azikwe karibu na wenziwe wawili. Na Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un (r.a.) ili alitambue na awazike karibu yake watu wake watakaokufa, kama alivyopokea Abu Daud. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kuzikwa katika makaburi ya Waislamu ni bora kuliko mahali pengine, kwani maiti hupata dua za wapitao. Tazama sababu zenyewe: ni ujirani wa wema na dua za walio hai. Uzuri wa mandhari si fadhila, bali ni mubaha, na miti yenye kivuli haina ubaya madhali haifukui maiti kwa mizizi yake.

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abu Dardaa (r.a.) alimwandikia Salman Al-Farisi (r.a.) akimwita ahamie Ardhi Takatifu. Salman akamjibu kwamba ardhi haimtakasi mtu yeyote, bali mtu hutakaswa na amali yake. Ikiwa hiyo ndiyo kauli ya Sahaba juu ya Ardhi Takatifu, vipi tena kuhusu kilima chenye sura ya joka?

Pili, kuamini nuksi ya kaburi. Hili ni katika tiyara, nayo imekatazwa. Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa tiyara ni shirki, na katika mapokezi hayo imeongezwa kwamba hakuna mtu ila humjia kidogo moyoni, lakini Mwenyezi Mungu huiondoa kwa kumtegemea Yeye. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Na katika Sura Yaasin, aya ya 18 na 19, Mwenyezi Mungu anatusimulia watu waliowaambia Mitume kuwa wamewaletea mkosi, wakajibiwa kwamba mkosi wao wanao wenyewe.

Huenda mtu akatoa hoja kwa Hadithi inayotaja nuksi katika nyumba, mwanamke na farasi. Wanazuoni wameizungumza sana. Katika baadhi ya mapokezi imekuja kwa lafudhi ya sharti, yaani lau nuksi ingekuwemo katika kitu ingekuwa katika hivyo, na wapo walioifasiri nuksi ya nyumba kuwa ni ufinyu wake na ubaya wa majirani. Kwa vyovyote kaburi halikutajwa humo. Anayeuza nyumba yake kwa kuwa iko karibu na makaburi, akiogopa nuksi, amejiingiza katika tiyara. Anayeona tu kuwa pahala hapo hapamfai kwa kelele za maziko na wingi wa watu, huyo hana lawama.

Tatu, kufukua na kuhamisha. Kulifukua kaburi la Muislamu kabla ya mwili kwisha ni haramu ila kwa dharura. Imamu Nawawi ametaja katika dharura hizo: maiti aliyezikwa bila kuoshwa, aliyezikwa katika ardhi au sanda ya dhuluma, mali iliyoanguka kaburini, na aliyezikwa bila kuelekezwa kibla. Neno la mpiga ramli au mtaalamu wa upepo na maji halimo. Linganisha hapo: Mchina hulifukua kaburi ili bahati ya walio hai ibadilike, na fakihi huruhusu kulifukua ili haki ya maiti au ya mwenye mali itimizwe. Kuhusu kumsafirisha maiti mji hadi mji kabla ya kumzika, kauli aliyoitanguliza Nawawi ni kuwa ni haramu, na imesemwa ni makuruhu, isipokuwa akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis.

Nne, kujenga juu ya kaburi. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Kwa Mashafi, kaburi huinuliwa kiasi cha shibiri moja tu. Kujenga katika ardhi ya mtu mwenyewe ni makuruhu, na katika makaburi yaliyowekwa kwa ajili ya Waislamu wote jengo huvunjwa, kwa kuwa linawabana wengine. Baadhi ya wanazuoni wa baadaye wameruhusu kwa makaburi ya Manabii na watu wema ili yazuriwe, na wengine wakalikataa hilo. Baraza ya Lingshan itahukumiwa kwa mizani hiyo hiyo, wala kuwa kwake nzuri na ya kale hakuifanyi kuwa dalili.

Tano, ziara. Ni sunna, kwani Mtume (s.a.w.) aliikataza kisha akaiamrisha, kwa kuwa inakumbusha Akhera. Anayezuru huwatolea salamu maiti na kuwaombea. Kumwomba Mwenyezi Mungu kwa jaha ya mja mwema ni mas'ala yenye khilafu mashuhuri, na haifai kukufurishana kwayo. Ama kuitakidi kwamba aliye kaburini, au kilima kilichomzunguka, ndiye mwenye kutoa riziki, uzazi au usalama wa safari, hakuna fakihi wa madhehebu yoyote aliyelihalalisha hilo.

Sita, fahari. Zama hizi, katika nchi nyingi za Asia, zimezuka bustani za makaburi zenye maziwa na vilima, ambamo bei ya kiwanja hupanda kwa kadiri ya mandhari yake. Mwaka 2014 Baraza la Wanazuoni wa Indonesia lilitoa fatwa namba 9 kuhusu jambo hili. Ilisema kuwa kununua ardhi ya kuzikia kunajuzu kwa masharti yake, lakini biashara ya makaburi ya kifahari yenye israfu na ubadhirifu ni haramu. Nasi twaongeza: fedha inayonunua mandhari kwa ajili ya maiti ambaye haoni mandhari hiyo, lau ingechimba kisima kwa niaba yake, ingeingia katika sadaka yenye kuendelea, nayo ni moja ya mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa.

NA SISI PWANI

Asidhani msomaji kuwa haya ni ya Wachina peke yao. Babu zetu wa Malindi, Mambrui na Kunduchi walijenga makaburi yenye nguzo, wakayapachika sahani na mabakuli ya China. Waislamu wa Zaytun waliyachukua maumbo ya kilima cha Kichina, na Waislamu wa pwani walizichukua sahani za Kichina, kila mmoja akiyapamba makaburi kwa kilichokuwa kizuri nchini kwake. Hukumu ya jengo na pambo tumekwisha itaja. Lakini swali la itikadi ni lile lile: nguzo ile ilikuwa alama tu, au watu waliigeukia kwa haja zao? Nasi leo, mtu anapofunga kitambaa na kuweka maji ya waridi penye kaburi akiomba mtoto, tofauti yake na anayepima bahati kwa dira ni ipi?

Liko na somo jingine Quanzhou, nalo ni zito. Katika kitongoji cha Chendai unaishi ukoo wa Ding, wenye asili ya Waislamu waliofika zama hizo za biashara. Makaburi ya wazee wao wa kale yako Lingshan. Mwaka 1979 serikali ya China iliwatambua kuwa ni Wahui, yaani watu wa asili ya Kiislamu. Wameihifadhi nasaba yao, wameyahifadhi makaburi, na katika kuwaadhimisha wazee wao wamekuwa wakiepuka kuweka nyama ya nguruwe. Lakini wengi wao hawakuwa tena wenye kusali wala kufunga. Kaburi lilibaki, sala ikaondoka. Kama mahali pa kaburi pangekuwa na nguvu ya kuwafikishia watoto kheri ya wazazi, basi kheri ya kwanza ambayo wale wazee wangetaka iwafikie ni Laa ilaaha illa Llah. Kilima hakikuweza kuipitisha. Hiyo hupitishwa na chuo, msikiti, na mzazi anayemshika mwanawe mkono alfajiri.

HITIMISHO

Tuyafupishe tuliyoyaeleza. Muislamu anaweza kuzikwa kilimani au bondeni, chini ya mti au penye mchanga mtupu, katika nchi yoyote na kwa ada yoyote isiyogongana na sheria, madhali ameoshwa, amekafiniwa, amesaliwa na ameelekezwa kibla. Uzuri wa mahali ni mubaha, israfu imekatazwa, na kuamini kuwa mahali pana bahati au nuksi ni kuigusa tauhidi yenyewe. Tena Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Luqman, aya ya 34, kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia katika ardhi gani. Ambaye hajui atafia wapi, ni bora ashughulike na amali atakayokwenda nayo kuliko kiwanja atakacholala.

Imamu akijiwa na mtu anayetaka kuhamisha kaburi kwa sababu ya mikosi, asimfukuze wala asimkejeli. Amweleze haya, amwombee, na amwelekeze kwenye istighfari, sadaka na kuunga udugu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu waliolala Lingshan, waliolala katika fukwe zetu, na waliolala mahali ambapo hakuna ajuaye isipokuwa Yeye. Ayafanye makaburi yetu kuwa bustani katika bustani za Peponi, na atufishe nasi tuko juu ya tauhidi. Amin.

Wallahu a'alam.